Fakta "iliyosafishwa" na homa ya ini: je, mwanangu yuko salama?

Swali: Daktari, nina mtoto wa kiume wa miaka 6 mwenye himofilia A kali, ule ugonjwa wa damu kutoganda ipasavyo, ana kilo 20. Kaka yangu, mjomba wake, anayo pia. Alichomwa sana dawa za kugandisha damu miaka ya 1980 akiwa kijana, na baadaye akaambiwa ana homa ya ini C. Mwanangu sasa anapewa fakta VIII, ile protini ya kugandisha damu anayoikosa, ya unga iliyotokana na damu ya watu, na nimeelezwa kuwa imesafishwa virusi. Lakini hata kaka yangu aliambiwa zake zimepashwa moto! Je, mtoto anaweza kupata homa ya ini? Kuna wanaonishauri nisubiri fakta isiyotokana na damu, nisubiri? Na je, kaka yangu anaweza kumwambukiza, maana tunaishi nyumba moja?

Jibu:

Dada yangu, nianze na lile linalokunyima usingizi. Fakta VIII iliyotengenezwa kwa plazima ya wachangiaji waliopimwa, kisha ikasafishwa kwa njia zinazotumika leo, haiko kundi moja na dawa alizochomwa kaka yako. Hatari ya kupata homa ya ini B au C kupitia dawa ya namna hiyo ni ndogo kiasi kwamba mimi, katika hesabu zangu za kila siku za hatari kwa mtoto kama wako, siiweki juu ya orodha. Hatari ya kuvuja damu kwenye goti au kichwani kwa sababu dozi imerukwa naiweka juu mno. Kwa hiyo wakati unaendelea kusoma jibu hili refu, usisimamishe dozi.

Sasa kuhusu kaka yako na dawa zake "zilizopashwa moto". Hilo ndilo swali zuri kuliko yote uliyoniuliza, na wengi hawaliulizi. Neno "imesafishwa" linatamkwa kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Kuna dawa zilizosafishwa zikawaambukiza watu, na kuna zilizosafishwa ambazo kwa miongo kadhaa hazijafanya hivyo, na tofauti yake iko kwenye namna ya kusafisha na kwenye kirusi kinacholengwa.

Turudi nyuma kidogo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 mgonjwa wa himofilia aliwekewa damu nzima au plazima, yale maji ya manjano yanayobaki chembe zikiondolewa. Ilihitajika plazima nyingi kupata fakta kidogo. Mwaka 1964 Judith Graham Pool, mtafiti wa Marekani, aligundua kwamba plazima iliyogandishwa kuwa barafu ikiyeyushwa polepole kwenye baridi huacha mashapo chini, na mashapo hayo yamejaa fakta VIII. Ndiyo krayo tunayoijua. Baada ya hapo viwanda vikaanza kutengeneza fakta ya unga mkavu kwenye kichupa. Kwa wagonjwa wa wakati ule huo ulikuwa ukombozi: dawa inakaa kwenye friji nyumbani, unaichanganya na maji, unajichoma mwenyewe, unakwenda shule au kazini. Kaka yako ni mtoto wa zama hizo.

Lakini ili kutengeneza unga ule kiwandani, plazima ya watu wengi ilimwagwa katika pipa moja. Toleo moja la dawa liliweza kubeba plazima ya watu elfu kadhaa, wakati mwingine 20,000 na zaidi. Hebu tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme katika kila wachangiaji 1,000 kuna mmoja mwenye kirusi ambacho kipimo hakikukiona. Ukipewa mfuko wa mtu mmoja, bahati mbaya yako ni moja kwa elfu. Ukichanganya wa watu 20,000, ndani ya pipa kuna watu kama 20 wenye kirusi, na kila kichupa kinachotoka humo kina sehemu yao. Ndiyo maana karibu kila aliyetumia unga ule kabla ya kuanza kusafishwa ipasavyo aliambukizwa homa ya ini C, mara nyingi kwa dozi zake za mwanzo kabisa. Kaka yako hakukosea kitu. Hata daktari wake pengine hakuwa na dawa nyingine ya kumpa.

Kuna jambo moja ambalo huwa naliona kama deni la tiba nzima kwa watu wenye himofilia. Kirusi cha homa ya ini B kilijulikana kupitia damu yao. Katika miaka ya 1960 Baruch Blumberg alikuwa akilinganisha damu za watu wa sehemu mbalimbali za dunia, na kingamwili za mgonjwa mmoja wa himofilia wa New York, aliyekuwa amewekewa damu mara nyingi, zikaitambua protini fulani katika damu ya mwenyeji asilia wa Australia. Wakaiita antijeni ya Australia. Baadaye ikabainika kuwa ni ganda la kirusi cha homa ya ini B, ile ile ambayo leo tunaipima tunapotafuta B, na ile ile iliyomo ndani ya chanjo. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Damu ilipoanza kupimwa B, watu walidhani tatizo limekwisha. Halikwisha. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba homa nyingi za ini zilizofuata kuwekewa damu hazikuwa A wala B, zikaitwa hivyo hivyo: "isiyo A wala B". Kirusi chenyewe, ambacho ndicho C, hakikutambuliwa hadi mwaka 1989. Katika miaka ile ya katikati madaktari wengi waliona vimeng'enya vya ini vya wagonjwa wao vikipanda na kushuka, wakasema ni jambo dogo, mgonjwa hana manjano, anakula, anatembea. Nasema bila kumung'unya maneno: hilo lilikuwa kosa. Homa ya ini C hukaa kimya miaka 20 au 30 ikilimeng'enya ini taratibu.

Na huo moto? Wazo lilikuwa zuri, ugumu ulikuwa kwenye utekelezaji. Fakta VIII ni protini, na protini ikipata moto hufanya kama ute wa yai kwenye sufuria. Unaweza kuua virusi vyote ukabaki na unga usiogandisha chochote. Wajerumani walitangulia: waliipasha fakta ikiwa katika hali ya maji, kwa nyuzijoto 60 kwa saa 10, wakiikinga kwa sukari na asidi amino, na dawa hiyo ikaruhusiwa kwao mwaka 1981. Ilifanya kazi, ila sehemu kubwa ya fakta ilipotea njiani, kwa hiyo ilikuwa adimu na ghali. Wengine wakachagua njia rahisi: kupasha unga ukiwa tayari mkavu, nyuzijoto 60 au zaidi kidogo kwa siku kadhaa. Dawa za aina hiyo zilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1983.

Kirusi kilichokaushwa ni kama mbegu iliyokaushwa: kinastahimili. Mwaka 1985 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa 13 ambao hawakuwahi kupata fakta ya unga kabla, wakapewa ile iliyopashwa moto ikiwa kavu. Kati yao 11 walipata homa ya ini isiyo A wala B. Hiyo nayo iliitwa "iliyosafishwa". Kilichookoa maisha, karibu kwa bahati, ni kwamba moto ule ule ulitosha kuua kwa sehemu kubwa virusi vya UKIMWI, ambavyo ni dhaifu zaidi. Na hata hapo si kila namna ya kupasha ilitosha, kwani kuna fakta iliyopashwa nyuzijoto 60 kwa saa 30 tu ambayo iliondolewa sokoni mwaka 1986 baada ya wagonjwa kuambukizwa VVU. Wakati huo huo Uingereza walikuwa wamepandisha moto hadi nyuzijoto 80 kwa saa 72, na homa ya ini C ikakatika kwa waliotumia dawa hiyo. Unaona basi: fakta mbili za mwaka 1985, zote zimeandikwa kuwa zimepashwa moto, moja inaambukiza C na nyingine haiambukizi. Kaka yako aliambiwa kweli, ila hakuambiwa ni moto gani.

Njia iliyotumika kwa dawa ya mwanao, kama ni ile ninayoidhania, ni nyingine kabisa. Angalia kwenye boksi au karatasi ya ndani kama kuna herufi S/D. Hiyo ni njia ya kiyeyushi na sabuni, iliyobuniwa na watafiti wa New York na kuanza kutumika kwenye fakta VIII mwaka 1985. Virusi vya homa ya ini B, vya C na vya UKIMWI vyote vimevaa koti la mafuta. Kikiondolewa koti hilo, kirusi hakiwezi kushika wala kuingia kwenye seli, kimekwisha. Dawa za kiwandani hulowekwa kwa saa kadhaa katika mchanganyiko wa kiyeyushi cha mafuta na sabuni, koti linayeyuka, protini ya fakta haiguswi, halafu kiyeyushi na sabuni huondolewa kabla ya kukausha. Ni jambo lile lile linalotokea ukinawa mikono yenye mafuta ya nyama: maji peke yake hayatoshi, sabuni ndiyo inayoyabandua. Dhidi ya virusi vyenye koti, rekodi ya njia hii ni safi mno, na mimi naiamini kuliko moto.

Ina tundu moja. Kirusi kisicho na koti hakijali sabuni. Homa ya ini A haina koti. Kwa kawaida A huingia kwa chakula na maji machafu, na hakuna aliyeitarajia ndani ya fakta, mpaka kati ya 1989 na 1992 wagonjwa wa himofilia nchini Italia walipoanza kuugua A, na wengine Ujerumani, Ireland na Ubelgiji, wote wakiwa wametumia fakta VIII iliyosafishwa kwa kiyeyushi na sabuni peke yake. Mchangiaji alitoa plazima akiwa katika siku zile chache ambazo kirusi cha A kimo kwenye damu, sabuni ikakiacha kipite. Habari njema ni kwamba A haigeuki kuwa ugonjwa wa kudumu wa ini kama B na C. Mtoto huugua wiki chache, mara nyingi bila hata dalili, na akipona amepona. Lakini kwa mtu ambaye ini lake tayari limechoka, kama kaka yako, A inaweza kumuangusha vibaya.

Tangu hapo watengenezaji wengi hawategemei hatua moja. Baada ya sabuni wanaongeza moto mkali wa mwisho kwenye unga, nyuzijoto 80 au 100, au wanaipitisha dawa kwenye kichujio chenye matundu madogo kupindukia. Kirusi cha B kina upana wa takriban nanomita 42, cha C ni kikubwa zaidi kidogo, cha A ni kama 27 hadi 30. Kichujio cha nanomita 35 kinazuia B na C. Cha 15 au 20 kinazuia hata A. Kinachosumbua bado ni kirusi kidogo kiitwacho parvovirusi B19, kisicho na koti, kigumu kwa moto na chembamba kwa kichujio. Hicho hakileti homa ya ini, huleta homa, vipele na wakati mwingine upungufu wa damu, kwa hiyo nakitaja nipite.

Uzuri wa hatua mbili ni kwamba hazijumlishwi, zinazidishana. Kama hatua ya kwanza inaacha kirusi kimoja katika kila 10,000, na ya pili nayo hivyo hivyo, zote mbili zinaacha kimoja katika milioni 100. Weka juu yake upimaji wa wachangiaji, ambao leo hautafuti kingamwili tu bali vinasaba vya kirusi chenyewe, hivyo zile wiki ambazo mtu ameambukizwa na kipimo hakijaona zimepungua sana. Weka pia desturi ya viwanda vingi kuihifadhi plazima kwa muda kabla ya kuitumia, ili mchangiaji akirudi na kukutwa na ugonjwa, plazima yake ya awali itupwe.

Kwa hiyo unapokwenda kliniki, usiulize "je, imesafishwa?" Utajibiwa ndiyo. Uliza: imesafishwa kwa hatua zipi? Ukisikia mbili zenye tabia tofauti, yaani sabuni pamoja na moto, au sabuni pamoja na kichujio, basi. Ukisikia sabuni tu, dawa bado ni nzuri kwa B na C, na jambo la A tutalimaliza kwa chanjo, nitaeleza hapa chini. Andika pia namba ya toleo la kila kichupa kwenye daftari la mtoto, pamoja na tarehe. Inachosha, najua. Lakini siku kiwanda kikitangaza kurudisha toleo fulani, mwenye daftari anajua ndani ya dakika mbili kama linamhusu.

Kuhusu kusubiri fakta isiyotokana na damu: hapana, usisubiri. Fakta VIII ya maabara, inayotengenezwa na seli zilizopandikizwa jeni ya binadamu, ipo tangu 1992, na ni dawa nzuri sana. Zile za mwanzo, kwa taarifa yako, bado ziliongezewa protini ya damu ya binadamu ili zisiharibike. Za sasa nyingi hazina. Kwa upande wa virusi inashinda, sibishi. Ila kuna upande mwingine ambao wazazi hawaambiwi. Tatizo kubwa la mtoto mwenye himofilia A kali leo ni mwili wake kutengeneza kingamwili zinazoishambulia fakta yenyewe, tunaziita inhibita, na hutokea kwa takriban watoto 25 hadi 30 katika kila 100, zaidi katika dozi za mwanzo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, ambao watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, ulikuta inhibita zikiwa nyingi zaidi kwa waliopewa fakta ya maabara kuliko waliopewa ya plazima yenye protini ya von Willebrand, ile inayoibeba fakta VIII kwenye damu, ndani yake. Wataalamu bado wanavutana juu ya namna ya kuyatafsiri matokeo hayo. Ninachotaka ujue ni kwamba fakta ya plazima si dawa ya maskini wanaosubiri iliyo bora.

Siku hizi kuna pia emisizumabu, sindano ya chini ya ngozi isiyo fakta kabisa, inayofanya kazi ya fakta VIII ya kuunganisha protini nyingine mbili za kugandisha. Inachomwa kila wiki, au kila wiki mbili au nne, kuzuia kuvuja. Kama kituo chenu kinaipata, izungumzieni. Hata hivyo mtoto akianguka na kuvuja, bado atahitaji fakta, kwa hiyo swali lako la usafi wa fakta halifutiki.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni jambo ambalo hukuliuliza: siku fakta ya unga ikiisha mkapewa krayo. Mfuko mmoja wa krayo una kama yuniti 70 hadi 80 za fakta VIII. Mwanao ana kilo 20. Goti likivuja tunataka kupandisha fakta yake hadi karibu asilimia 40, na kwa kuwa yuniti moja kwa kila kilo hupandisha asilimia 2, anahitaji yuniti 400. Hiyo ni mifuko 5 au 6, yaani wachangiaji 5 au 6 kwa goti moja, na krayo ya kawaida haijaoshwa kwa sabuni, haijapashwa, haijachujwa. Usalama wake wote unategemea kipimo cha mchangiaji. Ikitokea mara 20 kwa mwaka, ni watu zaidi ya 100. Misri wameonyesha kwamba krayo ya mifuko michache iliyochanganywa inaweza kusafishwa kwa kiyeyushi na sabuni papo hapo kwenye kituo cha damu, lakini vituo vingi havina njia hiyo. Sikwambii uikatae krayo. Mtoto anayevuja kichwani apewe chochote kilichopo, tena haraka. Nakwambia kwamba mtoto aliyepewa krayo au plazima isiyosafishwa anapaswa kupimwa B, C na VVU angalau kila miezi 6 hadi 12. Wengi hawapimwi mpaka wanaugua.

Sasa chanjo. Ya homa ya ini B huenda alipata na chanjo za uchanga. Leta kadi yake. Hata kama alimaliza, omba apimwe kiwango cha kingamwili: 10 mIU/mL na kuendelea kinahesabiwa kuwa kinga, chini ya hapo anaongezewa dozi. Ya homa ya ini A ni dozi mbili zilizopishana angalau miezi 6, na ndiyo inayoziba lile tundu la sabuni. Ya C haipo. Mwambie mchomaji kwamba mtoto ana himofilia: chanjo hizi zinaweza kutolewa chini ya ngozi badala ya ndani ya msuli, kwa sindano nyembamba, na pale palipochomwa pabanwe kwa dakika 5 bila kufikicha, ukimwekea barafu kabla kwa muda mfupi. Kama lazima iende msulini, apate fakta kwanza. Na tafadhali asipimwe ile antijeni ya B ndani ya wiki tatu baada ya chanjo, maana chanjo yenyewe ni antijeni hiyo hiyo. Nimeona familia ikilia bure kwa kipimo cha namna hiyo. Wewe unayemchoma nyumbani uchanjwe B pia, kirusi hicho kinaweza kuishi siku 7 nje ya mwili juu ya meza au kwenye sindano iliyotumika. Sindano ziende kwenye kopo gumu lenye kifuniko, zisifunikwe tena kwa mkono.

Nimalizie kwa kaka yako, kwa sababu naona katika barua yako yeye ametajwa kama hatari, na mimi namuona kama mgonjwa aliyesahauliwa. Homa ya ini C haiambukizi kwa sahani, kikombe, kukumbatiana, kukohoa wala kulala chumba kimoja. Inapita damu kwa damu. Wembe, mswaki, mashine ya kunyolea na sindano kila mtu awe na vyake, kidonda cha mjomba kifungwe, damu iliyomwagika ifutwe kwa dawa ya klorini. Zaidi ya hapo acha acheze na mpwa wake.

Kisha muulize alipimwa nini hasa. Watu wengi wa rika lake walipimwa kingamwili tu, na kingamwili ni kovu: inaonyesha kirusi kilipita, haionyeshi kama bado kipo. Watu 15 hadi 45 katika kila 100 wanaoambukizwa C hukiondoa kirusi wenyewe. Kinachoamua ni kipimo cha vinasaba vya kirusi. Kikionekana, leo kuna vidonge, vilivyoanza kuenea tangu mwisho wa 2013, vinavyoponya zaidi ya watu 95 katika 100, kwa kawaida ndani ya wiki 8 hadi 12. Kama aliwahi kujaribu sindano za zamani za intaferoni, akatapika, akakonda, akakata tamaa, mwambie hizi si zile.

Kabla ya kuanza vidonge apimwe homa ya ini B, hata kama hajawahi kuambiwa anayo. C ikiondoka ghafla, B iliyokuwa imejificha inaweza kuamka kwa nguvu, na tahadhari hiyo ilitolewa rasmi mwaka 2016. Ini lake lipimwe ugumu kwa ile mashine inayogusa ubavuni tu. Asikubali kuchomwa sindano ya kukata kipande cha ini bila fakta na bila sababu nzito. Ini ndilo linalotengeneza protini nyingi za kugandisha damu, kwa hiyo mtu mwenye himofilia ambaye ini lake limesinyaa huvuja kwa sababu mbili kwa wakati mmoja. Pombe aiache. Maumivu ya viungo asiyatulize kwa aspirini wala ibuprofeni. Parasetamoli inaruhusiwa, lakini kama ini limesinyaa isizidi gramu 2 kwa siku. Na ikikutwa kwamba limeshasinyaa, hata baada ya C kupona aendelee kupigwa picha ya mawimbi ya sauti kila miezi 6 kutafuta saratani mapema. Mkienda kliniki kwa ajili ya mtoto, nendeni naye siku hiyo hiyo.